Mwalimu Aliyeitwa Wongo

Siku ya kuniaga, ofisi ya Lodwar ilinipa saa ya ukutani. Nilishukuru, maana ndivyo nilivyolelewa, ingawa mpaka leo sijaelewa mtu ambaye hatakiwi tena mahali popote hupewa saa ili afanye nini. Zikafuata hotuba. Nikasikia kwamba nilikuwa nguzo, taa, na mama wa wengi. Kijana aliyenisifu kuliko wote alikuwa amehamishwa kutoka Nairobi wiki ileile, na jina langu alilisoma kwenye keki.

Kisha nyinyi mnaobaki mkaniomba niandike kitu cha kuwafaa wale wanaoanza kazi yetu ya kufundisha walimu wa watoto wachanga. Mwongozo rasmi mnao. Ni kitabu kizuri, kinene, na nimekiona kikifanya kazi nyingi, hasa ya kuinua projekta. Nitaandika yale ambayo hayamo humo. Msitafute nilipandishwa cheo lini; hata mimi nimesahau.

Nilikuwa mwalimu wa chekechea hapahapa Lodwar, mwembamba na mwenye majibu mengi, nilipoitwa nijiunge na kikosi kidogo cha kuwafundisha walimu na walezi namna ya kumjengea mtoto msingi wa kusoma na kuandika tangu akiwa mchanga, kabla hata hajasimama. Nilikwenda kumweleza mjomba wangu Lokwawi, mzee aliyependa kulielewa jambo mpaka mwisho wake.

"Kwa hiyo unafundisha watoto wanaonyonya kusoma," akasema.

"Hapana, mjomba. Nafundisha walimu wao."

"Walimu hawajui kusoma?"

"Wanajua."

"Basi serikali inakulipa umfundishe nani?"

Kwa miezi ya kwanza niliogopa kwamba mjomba ameona kitu ambacho wakubwa hawajakiona.

Jibu nililipata kwa Mwalimu Rebeka, mkuu wa kikosi chetu, mwanamke wa Kitale, mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Siku yangu ya kwanza ukumbini nilimkuta ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, amempakata mtoto wa mmoja wa wanafunzi. Walimu watu wazima, waliovaa nguo za Jumapili, wamemzunguka. Mtoto akasema "ba". Rebeka akamtazama kwa makini kama hakimu anayesikiliza shahidi, akamjibu, "Ba? Kweli?" Kisha akanyamaza. Sote tukanyamaza. Mtoto akafikiri, akasema "ba ba". Rebeka akamwambia kwamba hilo la pili hakuwa analijua.

Hilo ndilo lilikuwa somo lote la asubuhi. Alitueleza kwamba mtoto anayejibiwa atazungumza, anayezungumza atapenda hadithi, na anayependa hadithi siku moja atataka kujua zile alama za kwenye ukurasa zinasema nini. Yule asiyejibiwa utamkimbiza na chaki miaka mingi na hutamshika.

"Ongea naye, halafu ufunge mdomo umngoje," alisema. "Hiyo ya kwanza hata redio inaweza."

Vifaa vyetu vilikuwa vituko. Vitabu vya kwanza vililetwa kutoka mbali, vya karatasi laini, na vilikuwa na picha ya ndege mnene, mweusi na mweupe, amesimama kwenye barafu. Hakuna aliyetueleza ni nani. Mwalimu mmoja wa Lokichoggio aliwafundisha watoto wake kwamba huyo ni sista, na kwa muda mrefu watoto wa huko walipomwona sista akipita walimpungia mkono na kuangalia kama ana mabawa. Vitabu vyenyewe havikudumu. Kurasa ambazo watoto hawakuzila zililiwa na mbuzi.

Rebeka akaleta sindano. Tukajifunza kushona vitabu vya kitambaa kwa magunia ya unga, na juu yake tukachora vitu ambavyo mtoto wa huku anaviona kabla ya chai: kibuyu, ndoo, ndala, ngamia. Mtoto mchanga hukisoma kitabu kwa meno ambayo bado hana, kwa hiyo kitabu chake lazima kifulike kwa sabuni na kianikwe juani. Ngamia wangu, kwa bahati mbaya, walimu wengi walidhani ni kochi. Sikukata tamaa. Watoto walimtafuna bila kuuliza.

Sasa niwaambie habari za Ewoi, ambaye alikuja kwetu kwa makosa.

Chifu wa upande wa Namoruputh alikuwa ametangaza barazani kwamba Lodwar kuna mafunzo ya kulea wadogo, na chakula cha mchana kipo. Ewoi alikuwa mfugaji tangu azaliwe, na kwao alisifika kwa kufufua wana-mbuzi waliofiwa na mama. Akajua moja kwa moja wadogo wanaosemwa ni wa aina gani. Aliingia ukumbini na fimbo yake na ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho wanaume wetu hutembea nacho, akasalimia "Ejok", tukaitikia. Akawatazama wanawake wale, akawatazama watoto waliolala kwenye leso, kisha akauliza kwa adabu mbuzi wamefungwa wapi.

Walicheka mpaka watoto wakaamka. Rebeka peke yake hakucheka. Alisema mtu aliyetoka Namoruputh kwa miguu harudishwi na njaa, akae mpaka chakula kiive. Akakaa, akala, akaondoka. Kesho yake akarudi. Rebeka akamwita pembeni, nami nikiwepo, akamuuliza amerudia nini, kwa kuwa sasa anajua hakuna mbuzi.

"Hata kwangu hakuna, Mwalimu," Ewoi akasema. "Ukame ulichukua wote. Na mimi sijui kukaa bila kitu kidogo cha kulea."

Rebeka alitazama nje ya dirisha kwa muda, ingawa huko nje kulikuwa na vumbi tu. Kisha akamwambia akanawe mikono.

Msidhani sasa nitawaambia kwamba alikuwa mwanafunzi wa ajabu. Alikuwa mbaya. Mtihani wa kuandika alianguka, na aliporudia alipata alama ambazo sizitaji kwa sababu yuko hai na fimbo anayo. Kwa watoto hakuwa na woga, hilo ni kweli, lakini aliongea nao kama alivyozoea kuongea na mifugo, kutoka asubuhi mpaka jioni bila kituo. Alimweleza mtoto habari za malisho, visima, mvua iliyonyesha na mvua ambayo haikunyesha, na mtoto akifungua mdomo aseme lake, Ewoi alikuwa ameshafika Uganda.

"Mbuzi hajibu, Ewoi," Rebeka alimwambia. "Huyu atajibu ukimpa nafasi." Ewoi alijaribu. Alijiziba mdomo kwa kiganja, macho yakamtoka kama mtu anayezama. Ilimchukua mafunzo yote kujifunza kungoja, na nawahakikishia hilo ni gumu kuliko herufi zote za alfabeti.

Alipofuzu tulimpeleka Kakuma, kwenye kituo cha mabati kilichojengwa kati ya mji na kambi ya wakimbizi ili kipokee watoto wa pande zote mbili. Kina mama hawakumtaka. Wanaume wa mjini walimwita yaya. Alisema ameshawahi kutemewa mate na ngamia, na ngamia alimaanisha. Nami nilikuwa nikitoka Lodwar mara kwa mara kumkagua, ndiyo maana haya nayasimulia kama shahidi.

Katika watoto wake alikuwepo Deng, wa kama miaka miwili, ambaye hakuwahi kutamka neno. Walezi wengine walisema ni kiziwi. Niliangusha kifuniko cha sufuria nyuma ya mgongo wake. Akageuka, akanitazama kwa dharau, akaendelea na mambo yake. Daktari naye alisema masikio ni mazima. Mama yake, Achol, alikuwa mwanamke mrefu kutoka Sudan Kusini, muuza chai katika soko la kambini. Mumewe aliuawa huko kwao, naye akaja na mtoto mgongoni. Tangu hapo, majirani walisema, alikuwa akitaja bei ya chai na kunyamaza.

Nilikaa naye siku moja nikiwa na kijitabu cha rangi nzuri tulichowagawia wazazi. Nikamweleza umuhimu wa kuzungumza na mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimwambie nini?" akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

Nikamwambia chochote, hata mambo ya nyumbani.

"Maneno yote iko na mimi," akasema, "si maneno ya mtoto."

Nilikunja kijitabu nikakiweka mkobani. Kilikuwa na ukurasa wa kunawa mikono, wa nyimbo, wa picha, hata wa kucha. Wa hilo hakikuwa nao.

Ewoi hakuwa na kijitabu. Alichokuwa nacho ni wimbo wa fahali wake Lomeri, mwenye madoadoa, aliyekufa na wengine katika ukame. Kwetu Waturkana wimbo wa mwanamume kwa fahali wake ni jambo zito, huimbwa mbele ya wanaume wenzake. Kuwaimbia watoto wanaotokwa na kamasi ni ama mapenzi makubwa ama wazimu, na mji wa Kakuma ulikuwa umeamua ni wazimu.

Alasiri moja Achol alikuja mapema kumchukua Deng, akamkuta Ewoi mkekani anaimba, mikono ameipinda juu kama pembe. Alisimama mlangoni. Akaniuliza mtu huyu anasema nini. Nikamweleza kwamba anamsifu fahali wake, ambaye pembe zake zilikwaruza mawingu.

Mdomo wa Achol ukapinda upande mmoja. "Wongo," akasema.

Ewoi alikatiza wimbo. Achol akaingia, akaketi, akamweleza kwamba watu wanaoishi kwa mbuzi hawawezi kumjua fahali hata wakimkanyaga. Fahali wa kweli alikuwa Mabior wa baba yake, mweupe kama maziwa, mwenye pembe pana hata akiingia zizini alipita ubavu. Ewoi akasema huo ndio uongo, tena mkubwa. Achol akaapa. Nilishangaa kuona kwamba mwanamke huyu ana sauti, na kwamba sauti yenyewe ilikuwa ya ugomvi, nzuri sana.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila alasiri Achol alikuja kabla ya saa ya kufunga, akampakata Deng, na ugomvi ukaanza. Ewoi alimsifu Lomeri. Achol alisema wongo. Na ili Mabior asishindwe, ilibidi Achol aeleze zaidi: moshi wa mavi makavu jioni, watoto waliojipaka majivu, mto uliofurika na ng'ombe wakaogelea, baba yake akiimba mpaka koo likakauka. Yalikuwa maneno ya mtoto, na alikuwa nayo tele. Nilimwona Ewoi, mtu ambaye zamani hangeweza kunyamaza hata akimeza maji, akifunga mdomo na kumngoja aendelee. Katikati yao Deng aligeuza shingo huku na huku, kama mtu anayetazama mpira.

Siku mtoto aliposema neno lake la kwanza, Ewoi alikuwa anaingia na ndoo. Deng akanyoosha kidole.

"Wongo," akasema.

Achol alijiziba mdomo. Mimi nilikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Tulikawia kidogo kuelewa kwamba mtoto hakuwa anamshtaki mtu. Kila Ewoi alipofungua mdomo, mama yake alitamka neno hilohilo. Deng akahitimisha kwamba ndilo jina la bwana huyu. Ewoi alielewa kabla yetu. Akaweka ndoo chini, akamwinamia, akaitika, "Naam." Baadaye alikwenda nyuma ya kituo, akarudi na macho mekundu, akalaumu vumbi.

Maneno mengine yalifuata, ya Kiturkana, ya Kidinka, ya Kiswahili, yakivuka mipaka bila kibali. Na watoto wote wa kituo wakamwita Ewoi Wongo. Baada yao mji mzima.

Kisha ukaja ugomvi wa bombani, kati ya mji na kambi. Ulianzishwa na nani itategemea unamuuliza nani. Maji yalikuwa machache, foleni ndefu, mtungi wa mtu ukasogezwa. Mawe yakarushwa. Mwanamume mmoja wa mjini alivunjika mkono, na kijana mmoja wa kambini alishonwa kichwa. Kesho yake kituo kilikuwa kitupu. Ewoi alifagia, akatandika mikeka, akakaa peke yake.

Shirika lililotufadhili likaamua kituo kigawanywe: watoto wa mjini wabaki mjini, wa kambini wapelekwe kambini, na Ewoi hakuwa na nafasi upande wowote. Nilibisha kwa simu. Niliambiwa maoni yangu yamepokelewa, maneno ambayo katika ofisi zetu humaanisha kwamba kikapu cha taka kimeshiba.

Wa kwanza kurudi kituoni alikuwa Achol. Alipita barabara yote ile akiwa na Deng mgongoni, huku watu wakimtazama. Alimweka mtoto mkekani mbele ya Ewoi.

"Tangu asubuhi yuko mlangoni analia Wongo, Wongo," akasema. "Nimechoka kusikia jina lako."

Siku zilizofuata walirudi na wengine, wa mjini na wa kambini. Wapo wanaosema ni amani iliyowaleta. Mimi nadhani mtu akitaka kwenda kuuza makaa au kuni hawezi kwenda na mtoto anayetambaa. Waliwaleta watoto, wakasalimiana kwa kutazama ukuta.

Ofisa wa shirika alikuja kutangaza ule mgawanyo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na viatu visivyojua mchanga na hotuba aliyoandikiwa. Kina mama wa mjini waliketi ukuta huu, wa kambini ukuta ule, na Ewoi aliambiwa asimame nyuma ya ofisa pamoja nasi wafanyakazi. Ofisa akasema uamuzi umefanywa kwa upendo. Akasema hakuna mtoto atakayepoteza chochote.

Deng, ambaye alikuwa akimtafuta Ewoi tangu mkutano uanze, alitoka mapajani kwa mama yake, akatembea mpaka katikati, akachungulia kando ya suruali ya ofisa, akamwona. Uso wake ukafunguka.

"Wongo!" akasema kwa sauti iliyofika nje.

Ofisa alikatiza hotuba. Akatazama karatasi yake, akamtazama mtoto. Aliniuliza mtoto huyu anasema nini. Nilikuwa nafungua mdomo nieleze kwamba ni jina la mtu, lakini bibi mmoja wa mjini aliwahi kujibu kutoka ukutani. "Ameshasema," akasema.

Kicheko kilianzia ukuta wa mjini. Nilikiona kikivuka chumba. Kilipofika ukuta wa kambini kilikuwa kimekuwa kikubwa, na wanawake ambao hawakuwa wametazamana tangu siku ya mawe walikuwa wanafuta machozi na kushikana magoti. Deng, kwa kuona anapendeza, akarudia. Ofisa aliuliza kama watoto wamefundishwa haya. Nikamwambia ndiyo, ndiyo matokeo tuliyokuwa tukiyaandika katika ripoti: mtoto sasa anazungumza.

Achol akasimama. Hakuwa amewahi kusimama kwenye mkutano.

"Mtoto yangu alipata mdomo hapa," akasema. "Kama unahamisha yeye, hamisha na huyu mtu."

Baada yake walisimama wengine, wa ukuta huu na wa ukuta ule, na hakuna aliyetaka kugawanywa. Ofisa, ambaye mwishowe alicheka naye, alisema suala hilo litaangaliwa upya. Mtakaodumu kazini mtajua kwamba jambo linaloangaliwa upya huishi kuliko kobe. Mpaka nastaafu lilikuwa bado linaangaliwa, na kituo bado ni kimoja.

Mnaotaka kujua yaliyobaki: Mwalimu Rebeka yuko Kitale anafuga kuku, na sina shaka anawajibu. Deng yuko shule ya msingi, na mwalimu wake hulalamika kwamba mtoto haachi kusoma kwa sauti hata vibandiko vya dawa za ng'ombe. Achol alifuata mafunzo yetu Lodwar, sasa ni mlezi kituoni hapo, na mtihani wa kuandika alimshinda Ewoi kwa mbali, jambo analomkumbusha kila akipata mtu wa kusikiliza. Ewoi ana mbuzi tena, si wengi.

Lakini mimi naikumbuka zaidi jioni ya siku ile ya mkutano. Nilikuwa karibu na bomba nangoja gari la kurudi Lodwar. Nikamwona Ewoi anakuja, Deng yuko mabegani, na Achol nyuma yao na mtungi mtupu. Tangu ule ugomvi alikuwa akienda kuteka maji mbali sana kwa kuogopa bomba hilo. Aliyekuwa kwenye foleni mbele, ameshika bomba, ni Nakai, mke wa yule mwanamume aliyevunjwa mkono. Hakuwa na mtoto kituoni, na hakuwa amekuja kwenye mkutano kucheka na mtu.

Wanawake wengine walisogeza mitungi yao kando. Nakai akamuuliza Ewoi kwa Kiturkana amembeba nani, ingawa alijua vizuri. Ewoi hakujibu. Alisimama tu, akangoja. Deng, aliyeona kwamba kuna mtu anauliza na hakuna anayesema, akainama kutoka juu, akakipigapiga kichwa cha Ewoi kwa kiganja ili kumtambulisha.

"Wongo," akamwambia Nakai.

Nakai aliuma mdomo. Akageuza uso upande wa vilima, na kwa muda mabega yake yalitikisika. Aliporudi kutugeukia alikuwa amekunja uso tena, lakini haukukaa sawasawa. Aliuvuta mtungi kutoka mkononi mwa Achol bila kumtazama, akauweka chini ya bomba, akauacha ujae mpaka ukafurika. Akaunyanyua, akampa.

"Chukua," akasema. "Enda haraka, kabla sijakumbuka."